Vittorio De Sica, Mwigizaji Aliyekaa Nyuma ya Kamera

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wanafunzi wa sanaa za maonyesho, na nyote mnaoipenda sinema: nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza juu ya mtu ambaye, kwa maoni yangu, hata wanaomsifu wamemtendea nusu ya haki.

Wanaoandika historia ya filamu wamezoea kumgawa Vittorio De Sica mara mbili. Kuna De Sica wa kwanza, kijana mtanashati mwenye sauti ya kuimba na tabasamu la kuvutia, aliyewachekesha Waitaliano miaka ya 1930 kwa hadithi nyepesi za mapenzi. Halafu kuna De Sica wa pili, mwongozaji aliyeingiza kamera katika mitaa ya Roma baada ya vita na kuuonyesha ulimwengu mtu asiye na kazi, mtoto aliye gerezani na mzee asiye na kodi ya chumba. Tunaambiwa kwamba wa kwanza alikuwa akimtafutia fedha wa pili. Ni kweli kwamba fedha zilipita njia hiyo, nami nitalieleza jambo hilo mbele. Lakini hoja ninayotaka kuitetea leo ni kwamba hao wawili ni mtu mmoja, na kwamba hatuwezi kuzielewa filamu zake kubwa tukimsahau mwigizaji aliyezitengeneza.

Alizaliwa tarehe 7 Julai 1901 katika mji wa Sora, kati ya Roma na Napoli. Baba yake, Umberto, alikuwa karani wa benki, mtu wa kipato kidogo na adabu kubwa, na familia ilihama kumfuata kazini: Napoli, kisha Firenze, kisha Roma. Napoli ndiyo iliyomlea moyoni, na maisha yake yote alijihesabu kuwa mtoto wa mji huo. Alisomea uhasibu, kama ilivyotarajiwa kwa mtoto wa karani, lakini alikuwa bado kijana mdogo alipopata nafasi ndogo katika filamu isiyo na sauti mwaka 1917. Mwaka 1923 akajiunga na kundi la tamthilia la Tatiana Pavlova, mwigizaji wa Kirusi aliyekuwa amehamia Italia, na humo akaanzia chini: wazee, vichekesho, sehemu za maneno mawili matatu. Jukwaa lilimfundisha kwamba mtu hutambulika kwa mwendo wake kabla hajafungua kinywa. Somo hilo tutalikuta tena mitaani Roma miaka 25 baadaye.

Umaarufu ulimjia mwaka 1932 katika filamu ya Mario Camerini, Gli uomini, che mascalzoni. De Sica aliigiza dereva kijana wa Milano anayejifanya tajiri ili ampate msichana, na humo akaimba wimbo wa Parlami d'amore Mariù, ambao Waitaliano wanaujua hadi leo. Miaka iliyofuata Camerini alimtumia tena na tena, na mara nyingi kwa hadithi ya namna moja: mtu wa hali ya chini anavaa nguo za mkubwa, au tajiri anavaa nguo za maskini. Katika Il signor Max ya mwaka 1937 yeye ni muuza magazeti anayejipenyeza miongoni mwa matajiri. Zilikuwa filamu za kupendeza, zilizotengenezwa chini ya utawala wa Mussolini, na hazikumsumbua mtawala. Hata hivyo, naomba tusizidharau. Mtu aliyetumia miaka kadhaa kuigiza aibu ya kuonekana wewe ni nani hasa, kuficha viatu vilivyochakaa na kupanga uso ili umaskini usijulikane, alikuwa akijifunza kitu ambacho hakuna chuo kingemfundisha.

Ni katika filamu moja ya Camerini ya mwaka 1935, Darò un milione, njia yake ilipokutana na ya Cesare Zavattini, mwandishi kutoka Luzzara, kaskazini mwa Italia, ambaye angekuja kumwandikia karibu kazi zake zote kubwa. De Sica alianza kuongoza mwaka 1940, kwanza vichekesho. Mabadiliko yalikuja na I bambini ci guardano, iliyopigwa wakati wa vita, ambayo inaitazama ndoa inayovunjika kwa macho ya mtoto mdogo. Mwishoni mama anamjia mtoto, naye mtoto anamtazama, kisha anageuka na kuondoka peke yake katika ukumbi mkubwa. Hakuna maneno. Uamuzi wote wa mtoto umo katika mgongo wake.

Majeshi ya Kijerumani yalipoikalia Roma, wakubwa wa sinema ya kifashisti walitaka wasanii wahamie kaskazini. De Sica alipata udhuru: alikuwa akitengeneza filamu ya mahujaji, La porta del cielo, chini ya ulinzi wa Kanisa, ndani ya Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya kuta za Roma, eneo la Vatikani ambalo Wajerumani hawakuwa na mamlaka juu yake. Kazi ikavutwa kwa makusudi, wiki baada ya wiki, huku watu wengi waliokuwa wakisakwa wakipata hifadhi humo kwa kisingizio cha filamu, hadi majeshi ya Washirika yalipoingia Roma mwezi Juni 1944. Kazi hii haitajwi sana, nami naona ingestahili kutajwa zaidi.

Kisha ikaja Sciuscià, mwaka 1946, juu ya wavulana wawili wang'arisha viatu wanaotamani kumiliki farasi na kuishia katika gereza la watoto. Nchini Italia haikuuza. Watu waliokuwa wametoka kwenye njaa hawakutaka kulipa kiingilio waitazame njaa. Lakini Marekani iliipa tuzo maalumu ya Oscar, wakati ambapo filamu zisizo za Kiingereza hazikuwa na tuzo yao wenyewe.

Sasa tufike kwenye Ladri di biciclette, Wezi wa Baiskeli, ya mwaka 1948. Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo.

Kisa kinaelezeka kwa sentensi moja: mtu aliyekaa muda mrefu bila ajira anapata kazi ya kubandika mabango, kazi inayohitaji baiskeli, na siku ya kwanza kazini baiskeli inaibwa, naye na mwanawe wanaitafuta Roma nzima. David O. Selznick, mtayarishaji mkubwa wa Hollywood, alikuwa tayari kutoa fedha kwa sharti kwamba Cary Grant awe mwigizaji mkuu. De Sica alikataa, akaenda kukusanya fedha kwa wafadhili wa nyumbani. Nafasi ya baba alimpa Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwanda cha Breda ambaye hakuwa amewahi kuigiza. Nafasi ya mtoto, Bruno, alimpa Enzo Staiola, mvulana aliyemwona mtaani na kuvutiwa na mwendo wake. Wengi husema hapo De Sica aliukana uigizaji. Mimi naona kinyume chake. Ni mwigizaji tu, aliyefundishwa jukwaani kwamba miguu husema kabla ya kinywa, angemchagua mtoto kwa namna anavyotembea. Itazameni filamu tena mkiwa na jambo hilo akilini: baba anatembea kwa hatua ndefu, mawazo yakiwa mbali, na mtoto anakimbiakimbia kumfikia, akigeuza uso kila mara kumwangalia. Mapenzi yao na hofu ya mtoto yote yamo katika tofauti ya hatua zile mbili.

Tazameni pia vile vitu vidogo. Baiskeli ilikuwa imewekwa rehani, na ili kuikomboa, mke anavua mashuka ya kitandani na kuyapeleka kwenye duka la rehani. Karani anayachukua mashuka yale, anapanda rafu zilizosheheni mashuka ya watu wengine, anapanda na kupanda, na kamera inamfuata hadi tunatambua kwamba mji mzima umelala bila mashuka. Hakuna mtu anayetoa hotuba juu ya umaskini. Asubuhi ya kazi, Bruno anaisugua baiskeli, anagundua imebonyezwa mahali, na analalamika kwamba baba hakuwaambia kitu watu wa rehani, yeye angewaambia. Halafu, Antonio, yule baba, anapoibiwa, yupo juu ya ngazi akibandika bango la Rita Hayworth, mrembo wa Hollywood. Selznick alitaka nyota wa Marekani awemo katika filamu hii. Nyota wa Marekani aliyemo ni wa karatasi.

Mwishoni baba mwenyewe anajaribu kuiba baiskeli, kwa maana mwenye njaa hana miiko, naye anakamatwa mbele ya macho ya mwanawe. Mwenye baiskeli anamtazama mtoto, kisha anaamua asimshtaki. Baba analia waziwazi, na mtoto anamshika mkono. Mimi nimewasikia watu wazima wakisema kwamba hawawezi kulitazama tukio hilo mbele ya watoto wao.

Je, mfanyakazi wa kiwanda alifikaje hapo? Wote waliofanya kazi na De Sica wanashuhudia jambo moja: aliigiza kila nafasi yeye mwenyewe mbele ya mhusika wake kabla ya kupiga picha. Aliigiza baba, aliigiza mtoto, aliigiza mwanamke, kwa uso, kwa mikono, kwa pumzi, kisha akasubiri. Sophia Loren, nyota wa sinema ambaye hakuwa mtu wa kuokotwa mtaani, ameeleza mara nyingi kwamba wakati wa kazi De Sica alisimama karibu na kamera akimwonyesha kwa uso wake kila badiliko la hisia. Tukumbuke pia kwamba katika sinema ya Italia ya zama hizo sauti nyingi zilirekodiwa baadaye studioni, kwa hiyo mwongozaji aliweza kumsemesha mwigizaji wakati kamera inazunguka. Ule unaoitwa uhalisia mpya wa Italia, kwa upande wa De Sica, ulikuwa sanaa ya mwigizaji mmoja iliyohamishiwa katika miili ya watu wengi.

Filamu ilipata Oscar nyingine maalumu, na mwaka 1952 jarida la Uingereza la Sight and Sound lilipowauliza wahakiki ni filamu gani iliyo bora kuliko zote, hiyo ndiyo iliyotangulia. Satyajit Ray, aliyekuwa bado mchoraji wa matangazo kutoka Calcutta, aliitazama London mwaka 1950 na kurudi nyumbani akiwa ameamua kutengeneza filamu. Maggiorani alirudi kiwandani, na baadaye akapunguzwa kazi. Mtu aliyeigiza ukosefu wa ajira akaishi nao. Hili pia lisisahauliwe tunapoisifu filamu.

Miracolo a Milano ya mwaka 1951, ambamo maskini wa vibanda wanaruka angani kwa ufagio, ilishinda tuzo kuu ya Cannes, nami sitaisemea mengi. Ninataka kufika kwenye Umberto D., ya mwaka 1952, ambayo kwangu ni kazi yake bora kabisa. De Sica aliipa jina la baba yake na kumtunukia. Mhusika ni mzee mstaafu wa serikali, mwenye koti safi, mbwa mmoja na pensheni isiyomtosha kulipia chumba. Aliyeigiza ni Carlo Battisti, profesa wa isimu kutoka Firenze.

Kuna mahali mzee huyu anaamua kuomba. Anasimama mtaani, ananyoosha mkono kidogo, kwa kujaribu. Mpita njia anasimama, anatafuta sarafu mfukoni, na wakati anapotaka kuitoa, mzee anageuza kiganja chini, kama mtu aliyekuwa akipima kama mvua inanyesha. Mpita njia anaondoka. Kisha mzee anampa mbwa wake kofia aishike mdomoni, na yeye mwenyewe anajificha nyuma ya nguzo. Kugeuza kiganja kunachukua sekunde mbili. Ndani yake kuna karani wa benki wa Sora, kuna muuza magazeti aliyejifanya tajiri, na kuna mwigizaji aliyejua kwamba mtu akiona haya, mkono wake hukiri kabla yake. Katika filamu hiyohiyo msichana wa kazi za nyumbani, mjamzito na asiye na mume, anaamka alfajiri, anawasha moto, anamwagia maji sisimizi ukutani, anakaa kusaga kahawa na kunyoosha mguu kuusukuma mlango kwa ncha ya kidole, huku machozi yakimtoka. Hakuna tukio lolote jingine. Mhakiki Mfaransa André Bazin aliona katika dakika hizo mwelekeo mpya wa sinema nzima, nami sina sababu ya kumpinga.

Nabii hakubaliki kwao. Giulio Andreotti, kijana mwanasiasa aliyesimamia mambo ya sinema serikalini, alimwandikia De Sica barua ya wazi gazetini akilalamika kwamba filamu kama hii inaichafua Italia mbele ya mataifa, na kumtaka awe na matumaini zaidi. Barua ile haikuwa maoni ya mtazamaji wa kawaida, kwa sababu sheria ya mwaka 1949 ilikuwa imeipa serikali sauti kubwa juu ya mikopo ya filamu na juu ya zipi zipelekwe nje. Umberto D. haikupata watazamaji, na De Sica hakuweza tena kufanya kazi kwa uhuru ule.

Hapo ndipo habari ya fedha inapoingia. De Sica aliigiza katika filamu zaidi ya 150, nyingi zikiwa za kuchumia tu, na aliongoza zaidi ya 30. Alikuwa na nyumba mbili za kutunza: mkewe wa kwanza, mwigizaji Giuditta Rissone, na binti yao, na mwigizaji wa Kihispania María Mercader, aliyemzalia wana wawili, Manuel na Christian. Kwa kuwa sheria ya Italia haikuruhusu talaka, ilimbidi achukue uraia wa Ufaransa ndipo amuoe Mercader kihalali mwaka 1968. Zaidi ya hayo alikuwa mcheza kamari asiyeweza kujizuia, na meza za Monte Carlo na Sanremo zilikula fedha ambazo zingetengeneza filamu. Hakuficha. Katika L'oro di Napoli ya mwaka 1954 alijipa nafasi ya kabaila mcheza kamari ambaye mkewe amemnyima senti zote, hadi anakaa kucheza karata na mtoto wa bawabu, na anashindwa, na anakasirika kwa dhati. Mtu anayeweza kuuonyesha udhaifu wake hadharani namna hiyo, bila kujionea huruma, ana ujasiri ninaouheshimu.

Hata kazi za kuchumia zilikuwa na thamani. Pane, amore e fantasia ya Luigi Comencini, mwaka 1953, ilimrudisha katika mapenzi ya umma akiwa mkuu wa kituo cha polisi kijijini, mtu mzima anayemtamani Gina Lollobrigida. Hollywood ilimteua kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa nafasi ya Meja Rinaldi katika A Farewell to Arms ya mwaka 1957. Na mwaka 1959 Roberto Rossellini, mwenzake katika uhalisia ule, alimpa nafasi kubwa kuliko zote: Il generale Della Rovere. Tapeli mcheza kamari analazimishwa na Wajerumani kujifanya jenerali ndani ya gereza la Milano ili awapeleleze wafungwa. Anavaa cheo cha uongo, na kidogokidogo wafungwa wanapomheshimu, anaanza kustahili heshima ile, hadi anakubali kufa kama jenerali. Filamu iligawana tuzo ya Simba wa Dhahabu ya Venezia na filamu nyingine, La grande guerra. Ni ile hadithi ya Camerini ya nguo za kuazima, ila sasa nguo zimegharimu uhai.

Mwaka uliofuata De Sica alimwongoza Loren katika La ciociara, akiigiza mama anayekimbia mabomu pamoja na binti yake. Loren alikuwa na umri wa miaka 25 tu, na nafasi hiyo ilikuwa imekusudiwa Anna Magnani. Kwa kazi hiyo Loren akawa mtu wa kwanza kupata Oscar ya uigizaji bora kwa filamu isiyo ya Kiingereza. Ieri, oggi, domani ilipata Oscar ya filamu bora ya kigeni, na Il giardino dei Finzi-Contini ya mwaka 1970, juu ya Wayahudi wa Ferrara chini ya sheria za ubaguzi, ikapata tuzo ya Dubu wa Dhahabu ya Berlin na kisha Oscar yake ya nne. Wako wanaosema kwamba baada ya 1952 alijiuza. Baadhi ya filamu zake za miaka ya 1960 ni dhaifu kweli, na sitazitetea. Lakini anayeziweka La ciociara na Finzi-Contini katika kapu hilohilo hajazitazama.

De Sica alifariki tarehe 13 Novemba 1974 huko Neuilly-sur-Seine, Ufaransa, kwa maradhi ya mapafu. Mwezi uliofuata ilitoka filamu ya Ettore Scola, C'eravamo tanto amati, iliyotunukiwa kwake. Mmoja wa wahusika wake, mwalimu, anapoteza kazi kwa kuitetea Wezi wa Baiskeli, na baadaye anashindwa katika mashindano ya televisheni kwa swali la jinsi De Sica alivyomliza mtoto yule mwishoni. Jibu ni kwamba alimtilia vipande vya sigara mfukoni, kisha akamshutumu kuwa ni mwokota sigara hadi mtoto akaangua kilio. Na katika filamu hiyo anaonekana De Sica mwenyewe, mvi tupu, mbele ya umati, akikisimulia kisa hicho. Mbinu ile ilimuumiza mtoto, na sioni haja ya kuipamba. Lakini tazameni anavyosimulia: anakuwa mtoto, anakuwa mshutumu, mikono inaenda, uso unabadilika, na umati hauondoi macho. Wanafunzi mtakaoandika juu yake mwaka huu, ningependa muanzie hapo, kisha mrudi kwenye kile kiganja cha Umberto D.

Ahsanteni sana.